Pini ya Trela na Neno "Ngumu"

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hivyo nikipotea njia mnivumilie. Hii ni habari ya pini ya trela, ile inayoshikanisha trela na trekta. Ni kitu cha kutoshea mkononi, lakini mzigo wote unavutwa na hicho.

Miaka ile ya chama kimoja nilikuwa na banda la kukereza vyuma hapa Eldoret. Mama mmoja mkulima wa Moi's Bridge, amekuja mjini kuchukua mbolea, aliniletea pini iliyopinda. Trekta alikuwa anaendesha mwenyewe, na watu walikuwa wanasimama kumwangalia. Mimi pia nilisimama, sisemi uongo.

"Fundi, hizi zako zinapinda kama mshumaa. Nitengenezee ngumu."

Nikachukua ekseli ya lori kuukuu, chuma bora kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Nikakereza pini, nikaipasha moto mpaka ikawa nyekundu, nikaitumbukiza kwenye maji baridi. Nikaijaribu na tupa, tupa ikateleza kama kwenye kioo. Nilifurahi mpaka nikamwita jirani aone.

Mama akaifunga hapo hapo. Mzee wake alikuwa amekaa juu ya magunia ya mbolea. Walipoanza kupanda kile kilima cha mbele ya banda nikasikia "ta!" Trela ikarudi nyuma na mzee juu yake, sisi wote tukitazama tu, ikaishia kwenye mtaro. Hata leo kikombe kikivunjika nyumbani nasikia ile "ta!"

Mzee alishuka akijipangusa. "Nimefika mpaka mlangoni kwa Mungu, nikaambiwa leo si siku ya wageni."

Mama hakucheka. Alinionyesha kipande cha pini, ndani chembechembe za kijivu kama sukari.

"Si nilisema ngumu?"

"Ni ngumu, Mama."

"Basi mbona imekatika?"

Yeye alitaka isiyopinda wala kukatika, mimi nikampa isiyokwaruzika, na sote tulitumia neno moja. Chama kimoja, neno moja, nani angeuliza.

Trela ikivutwa kutoka mtaroni, nikakereza nyingine kwa ekseli ileile, moto na maji sikuigusisha, maana ndivyo vilivyoifanya ya kwanza ivunjike kama kioo. Kipande kilichobaki nikakibana, nikakipiga nyundo mbele yao. Kiliinama kidogo, hakikukatika.

Mama alikitazama sana. "Mzee atakaa na mimi kwa trekta," akasema. "Wewe Fundi, panda juu ya magunia."

Nilipanda. Kila kilima mpaka Moi's Bridge nilikuwa nasikiliza chuma.