Uso Si Ugonjwa

Kabla ya kugusa uso wa mtu, mrembaji mmoja husugua viganja vyake hadi vipate joto, kisha husema kwa sauti ya chini, "Mama, funga macho." Ndivyo alivyofanya miaka yote kibandani kwake mtaani Tshopo, na hakuacha alipoajiriwa na kliniki mpya ya urembo kule Makiso, katikati ya mji. Huko alivishwa koti jeupe, akafundishwa mashine, akaagizwa kuwaita wateja "wagonjwa". Mashine aliijua upesi. Neno lile lilimkwama kooni.

Asubuhi moja alikuwa akimkanda uso Mama Kyakimwa, muuza vitenge, pale msimamizi wa kliniki alipoingia na kuikazia macho mikunjo ya uso wa mama yule.

"Bon, ambia mugonjwa iko na lazima ya sindano."

Mrembaji hakuondoa mikono usoni pa mteja. "Madame, huyu mama haiko mugonjwa. Anachekaka sana, basi."

"Alors, chagua. Umuambie, ao uvue koti, utoke."

Kibanda chake alikuwa ameshakiuza. Hata hivyo alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mashine.

"Nitatoka," alisema. "Lakini siachake uso katikati."

Akaendelea kukanda polepole, kutoka kwenye paji la uso hadi kidevuni, huku msimamizi akiwa ameushikilia mlango wazi.

Mama Kyakimwa akafungua jicho moja. "Na kesho, utanifanyia wapi?"

"Kwako, Mama. Kama kiti iko."