Sogea Kidogo

Jirani yangu mpiga picha huamka kabla ya jogoo, hasa mawingu yakitanda. Jua, anasema, lina umbea, halijui kuficha kitu. Husimamisha kamera uani, hufuta lenzi kwa ncha ya shati, hubana pumzi akikitazama kilima. Miaka yote mkewe alimletea chai hapo, naye bila kugeuka: “Sogea kidogo, mama watoto, unaniharibia picha.” Mama wa watu anasogea.

Juzi, tulipotoka kumzika mkewe, tulipekua maboksi kutafuta picha yake. Vilima vitupu. Tuliambulia moja tu, kiwiko na kikombe vikichungulia pembeni, nyuma kaandika “Imeharibika.” Ndiyo aliyoitundika sebuleni. Leo alfajiri, wingu zito, nimemsikia peke yake nyuma ya kamera: “Sogea huku, mama watoto. Huku huku.”