Ukimya Ulioandikwa Kuwa Ndiyo

Siku yangu ya kwanza kazini, huku kwa Wabelgiji, hatua chache kutoka kituo cha treni ya chini ya ardhi, metro ya Schuman, Mkurugenzi wa shirika la viwango alinionyesha kiti nyuma ya Mwenyekiti wa kamati akanipa kanuni moja tu: "Katibu anaandika. Katibu hasemi." Nilikuwa nimetoka Bukavu na shahada yangu ya uhandisi, nikidhani Ulaya inaningoja. Kumbe ilikuwa inangoja mtu wa kuandika maneno ya wengine, nami nikayaandika mpaka nikastaafu.

Nyinyi vijana mnasikia tu habari za sheria. Sheria hutungwa kwa maneno mapana: kifaa kiwe salama. Salama ni nini? Hilo huachiwa kamati za viwango, na kiwango ndicho kinachoeleza kitu kitengenezwe vipi na kipimwe vipi. Kamati haina haraka ya kupiga kura. Mwenyekiti husoma kifungu, huuliza kama kuna anayepinga, na asiyesema huhesabiwa amekubali. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo. Kwetu hakikuwa na mshindo wowote. Kilikuwa ndiyo, nami nilikiandika hivyo.

Nilianza na kamati ya lifti, nikahamishiwa ya soketi za umeme, na mwishowe nikapelekwa kamati ya usalama wa programu za kompyuta. Huko waliketi mawakili na wahandisi wa makampuni makubwa, watu wanaolipwa kukaa kitini. Waandishi wa programu huria hawakuwepo. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake yako wazi: yeyote ataisoma, ataitumia, atairekebisha, bila malipo. Makampuni yale yale yaliijaza ndani ya bidhaa zao, lakini walioiandika walikuwa makazini kwao mchana, kama watu wengine.

Mmoja wao alikuwa Maman Faida, mzaliwa wa Walungu kule kwetu, mhudumu wa wazee katika kitongoji cha Uccle. Jioni alitunza programu ndogo inayofunga siri za wagonjwa zisisomwe na mtu wa nje. Makampuni ya vifaa vya hospitali huku yaliitumia. Vituo vya afya vya Kivu viliitumia pia, kikiwemo kile cha dada yake, kinachohifadhi majina ya wanawake waliobakwa vitani. Majina hayo yakivuja, kuna watakaouawa. Sisemi hivyo kuwatisha.

Kamati ilipofikia kifungu kilichosema kila kipande cha programu kiwe na mtu mwenye jina, atakayejibu mara moja tundu la kupenyezea wezi wa siri likionekana, usiku au mchana, nilimwomba Mkurugenzi tumwalike. Alikubali. Maman Faida aliomba ruhusa kazini, akaja amevaa kitenge kizuri.

Mwenyekiti wa kamati hii alikuwa Mbelgiji mwenye mvi, mtoto wa mwenye shamba wa enzi za ukoloni, aliyezaliwa Bukavu. Alipomwona aliinuka.

"Karibu, mutoto yangu," alisema. "Nafurahi sana kuona mutu wa kwetu hapa."

Baadaye akasoma kifungu. Akauliza kwa Kifaransa kama kuna anayepinga, akamtazama yeye hasa. Maman Faida aliinamisha macho. Mwenyekiti akangoja kidogo, akanigeukia, nami nikaandika.

Nilimfuata hadi kwenye ngazi za metro. "Maman, ulinyamaza kwa nini?"

"Papa, ile muzee alinisalimia kama baba yangu. Alors, sasa nimukatalie mbele ya batu? Nilifikiri tutaongea kisha, sisi tu, pembeni."

Na kweli, kwetu ndivyo mzee anavyopingwa: faraghani, kwa upole, baada ya watu kuondoka. Nilirudi mbio kumweleza Mwenyekiti. Alinisikiliza kwa huruma, tena kwa Kiswahili kizuri kuliko cha watoto wangu. "Naelewa sana," alisema. "Lakini alikuwa na nafasi yake, hakusema. Kifungu kimepita." Nilimchukia siku ile, na sijaacha.

Kiwango kikatoka. Sheria yenyewe haikumgusa mtu anayejitolea, mawakili walinieleza hivyo tena na tena. Lakini makampuni yalitaka kufuata kiwango, yakamtaka atie sahihi kwamba atajibu saa yoyote. Mtu mmoja, mwenye zamu ya kuwageuza wazee kitandani, atajibuje saa yoyote? Aliondoa jina lake na kutangaza kwamba hataitunza programu tena. Makampuni yakanunua nyingine. Vituo vya Kivu vikabaki na ile ile, isiyo na wa kuitunza.

Sasa nimestaafu, naishi kitongoji cha Berchem-Sainte-Agathe. Majuzi Maman Faida alikuja, hakugusa hata chai. Tundu limeonekana katika programu ile, na dada yake amepiga simu mara kadhaa.

"Naweza kutengeneza, Papa. Lakini nikiweka jina yangu, barua za bale batu ba makampuni zitaanza tena. Bale wakili batanimaliza."

Mimi niliyetumikia kamati hiyo nikamwambia, "Tengeneza, maman. Peleka bila jina."

Akatikisa kichwa. "Papa, dada yangu anajua sauti yangu. Bale bengine, kwa bile bituo byote, banajua jina tu. Kitu yenye kufungia siri za bamama, inakuja bila jina. Weye ungeiweka kwa kompyuta yako?"

Nilikaa kimya, na safari hii kimya hakikuwa ndiyo. Naye, kwa heshima, hakuniuliza tena.