Waliotoka na Vikombe vya Chai

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya hospitali moja hapa Kisumu, nimeshika shavu kwa maumivu ya jino. Bwana mmoja wa Milimani, mtaa wa matajiri, akatupita sote, akagonga meza ya muuguzi kwa funguo za gari.

"Unajua mimi ni nani?"

"Baba, ngoja kidogo. Huyu mtoto amezidiwa."

Bwana akaanza kumtukana. Muuguzi aligonga sinia la dawa mara mbili kwa mkasi, akaendelea na mtoto. Mlango wa nyuma ukafunguka. Wenzake wawili wakatoka na vikombe vya chai mkononi, wakasimama kando yake.

"Endelea, Baba," mkubwa wao akasema. "Sasa tuko watatu. Tunakusikiliza."

Funguo zikarudi mfukoni.

Zamu yangu ilipofika, nikamuuliza yule muuguzi kuhusu lile sinia.

"Tulikubaliana hapa hakuna anayetukanwa peke yake. Ukisikia sinia, unaacha kiti."

Ukutani, wakubwa wa hospitali wamebandika bango: "Ukilemewa na kazi, pumua polepole." Siku hiyo niliona mtu mmoja tu akipumua polepole. Alikuwa yule bwana, kwenye benchi, mwisho wa foleni.