Mtani wa Wakili

Wakili Faustina Komba ana ofisi Mbeya, na miaka yote hutetea waajiri wanapovutana na vyama vya wafanyakazi. Mimi ni dereva wake. Nilikuwa najiuliza, wafanyakazi wanampendea nini mtu anayekaa upande wa tajiri?

Juzi tulikwenda Iringa, kwenye kiwanda cha mbao. Meneja Nirav, mgeni kutoka Nairobi, alitaka kumfukuza Liberatus, mwenyekiti wa chama pale kiwandani, ila hakuwa na sababu. Tulipoingia kikaoni, Liberatus, ambaye ni Mhehe, akamwambia wakili kwa sauti kubwa: "We Mngoni, leo umejiuza tena?"

"Nyamaza, Mhehe! Mbwa wangu nimemwacha Mbeya, nisije nikamkuta kwenye sufuria yako," Faustina akamrudishia.

Wahehe hutaniwa kuwa wanakula mbwa; watu wakacheka mpaka wakashika meza. Nirav akamnong'oneza wakili, nami nilikuwa nyuma yao nimebeba mafaili: "Amekutukana mbele ya watu. Leo anaondoka!"

"Huyo ni mtani wangu," Faustina akajibu polepole. "Makabila yetu yana utani tangu zamani; Mngoni hamshitaki Mhehe kwa maneno hayo. Nikipeleka kesi hiyo, hata msuluhishi atanicheka. Tafuta sababu ya kweli au mwache."

Nirav akaliacha jambo hilo. Wakaanza mambo ya mishahara, na hapo Faustina akambana Liberatus mpaka jasho likamtoka.

Jioni Liberatus, asiyejua kilichonong'onwa, alituwekea garini dumu la ulanzi, pombe ya mianzi.

"Hili la mbwa wako," alimwambia Faustina.