Jicho la Kulia la Taratibu

Waliomwita Taratibu hawakumwonea. Alikuwa akiizunguka meza ya snuka, ule mchezo wa kuingiza mipira mifukoni kwa fimbo, mara mbili, anapaka chaki kwenye ncha ya fimbo kama mama anayempaka mtoto mafuta, ndipo anainama kucheza. Kwa mwendo huohuo alikuwa amemaliza miaka kumi na tisa akila kwa jasho la mchezo huo. Nafasi ya juu kabisa aliyowahi kushika duniani ilikuwa ya hamsini na tatu. Mwaka ninaousimulia alikuwa wa tisini na sita.

Watu wakisikia mchezaji wa kulipwa hufikiria taa na makofi. Yeye alizoea kumbi za mazoezi zisizo na madirisha, na mechi za raundi ya kwanza zinazoanza saa nne asubuhi mbele ya watazamaji saba, wawili kati yao wakiwa wafagiaji wanaosubiri ukumbi uwe mtupu.

Jumatatu moja ikaja barua kutoka chama cha mchezo. Siku aliyofungwa fremu nne kwa bila, yaani hakushinda hata duru moja, ilisema, watu wengi wasiojulikana walikuwa wameweka dau kwamba angefungwa vibaya. Alitakiwa kufika mbele ya mchunguzi baada ya wiki mbili.

Taratibu aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Hakuwa ameuza mechi. Lakini alikumbuka ule mpira mweusi uliokuwa mdomoni mwa mfuko wa mwisho wa meza, ambao hata mkewe angeuingiza kwa mpini wa ufagio, na yeye akaukosa. Aliukosa kwa sababu ya jicho la kulia. Miezi minne nyuma daktari alikuwa amemwambia kuna mtoto wa jicho. Mipira ya karibu aliiona sawa, ila ya mwisho wa meza ilivaa ukungu. Siri hiyo aliitunza kama pete ya ndoa, maana mpinzani akijua tu, atamwachia mipira ya mbali mpaka mwisho. Waliojua ni mkewe na daktari, basi. Sasa hao walioweka dau walijuaje?

Mkewe alikuwa muuguzi, na jioni hiyo alikuwa akipiga pasi sare yake.

"Mama watoto, ulimwambia kaka yako habari ya jicho?"

"Nimwambie ya nini?"

"Nakuuliza tu."

Mkewe akasimamisha pasi. "Hujaniuliza tu. Umeniuliza kama askari."

Huyo kaka wa mkewe aliishi nao chumba cha uani. Alifanya kazi gereji ya matairi, na siku za mechi ndiye aliyemwendesha Taratibu. Tena alikuwa mtu wa mikeka ya kamari. Kila Jumamosi anabeti mpira wa miguu, kila Jumapili mkeka umechanika na nyumba nzima inamcheka. Sasa Taratibu hakucheka tena. Alianza kuona mambo. Shemeji akiweka simu mezani, anaifunika kioo chini. Ikilia, anatoka nje. Na viatu vile vipya je?

Shaka ilimwingia mwilini kama homa. Fimbo yake akaihamishia uvunguni mwa kitanda. Mwenzake wa mazoezi alipomuuliza, "Jicho limekuwaje jekundu hivyo?" akamjibu, "Nani kakutuma?" Hata mhudumu wa mapokezi wa daktari alimtilia mashaka, kwa sababu siku moja aliwahi kumuuliza anafanya kazi gani.

Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, akashindwa kujizuia.

"Shemeji, siku ile niliyofungwa, uliweka dau?"

Shemeji alitafuna, akameza, akanywa maji. "Niliweka."

Mkewe akainua kichwa.

"Niliweka kwamba utashinda," shemeji akaendelea. "Mechi zako zote naweka ushinde. Huu mwaka wa sita. Nilijua ukigundua utanigombeza, ndiyo maana naficha."

"Nionyeshe simu."

"Shemeji, ukiishika hii simu kunikagua, mimi hapa nahama."

Taratibu akanyoosha mkono. Akaipokea, akaishusha orodha ya mikeka kwa kidole, mechi baada ya mechi. Jina lake lilikuwa hapo kila mahali, kila mara upande wa ushindi, na karibu kila mara kando yake pameandikwa amepoteza. Alipoinua macho kiti kilikuwa kitupu. Kabla jua halijazama, chumba cha uani kilikuwa kimebaki na godoro tu.

Mchunguzi alikuwa mama mnyamavu mwenye kompyuta ndogo. Taratibu hakungoja maswali. Aliiweka siri yote ya jicho mezani, pamoja na cheti cha daktari.

"Ila sijui nani kanisema," alimaliza.

Mama yule akageuza kompyuta. Ilikuwa mechi nyingine, wiki mbili kabla ya ile ya barua. Taratibu akajiona ameinama, akisita, kisha akasikia sauti yake mwenyewe: "Refa, ule wa mbali ni mwekundu au wa kahawia?" Aliuliza hivyo mara tatu ndani ya fremu mbili, na kipaza sauti cha refa kilinasa kila neno.

"Kuna watu kazi yao ni kutazama hata mechi zenu za watu saba, wapate pa kuweka dau," alisema mchunguzi. "Sasa niambie wewe. Ulijua huoni. Uliingia kucheza kwa nini?"

"Nikikaa nje nashuka nafasi, mama."

Aliandika jibu hilo bila kuonyesha kama ameliamini.

Wiki tano baadaye barua ya mistari mitatu ilimsafisha. Akapasuliwa jicho, msimu ukaisha hajacheza, akatolewa kwenye orodha. Mwaka uliofuata alipigania upya kwenye mchujo, akarudi akiwa wa mia na nne. Anaona vizuri. Lakini akikosa mpira mwepesi, bado kuna vichwa viwili vitatu vinavyosogeleana kunong'ona.

Gerejini alikwenda mara mbili kuomba radhi. Mara ya kwanza shemeji aliingia chini ya gari na hakutoka. Mara ya pili alijifuta mikono, akasema, "Nimekusikia." Siku hizi anamwendesha tena, ila anakaa ndani ya gari mpaka mechi iishe. Wakiwa njiani wanaongea kuhusu foleni na mashimo ya barabarani. Taratibu hajathubutu kumuuliza kama bado anaweka.