Makampuni Matatu, Kioo Kimoja

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajabisha, mwanamke anayejulikana mtaa mzima kama Bi Doa anainua kifuniko cha mashine yake ya kutoa kopi na kukiinamia kioo. Mkononi ana pamba yenye spiriti. Anafuta, anapuliza pumzi, anatazama kwa jicho moja, anafuta tena.

"Kioo kikiwa na doa, kila karatasi inayolala juu yake inaondoka nalo," anasema bila kuinua kichwa. "Mteja haoni. Mimi naona."

Kuona huko ndiko kulikompa jina. Na ndiko kunakotaka kumtoa katika chumba hiki cha hatua nne kwa tano, alichokipanga miaka minane iliyopita. Mwenye nyumba amempa hadi leo saa sita mchana: aandike barua ya kuomba radhi aibandike mlangoni, au mwisho wa mwezi afungashe.

Chanzo cha ugomvi kiko ukutani, juu ya printa. Ni barua kumi na saba za ajira, zenye nembo, mihuri na saini za kupendeza. Zote za uongo. Majina ya waliotumiwa na ya waliotuma yamezibwa kwa utepe mweusi.

Wateja wanaosubiri huzisoma kama magazeti.

"Hii inatoa mpaka nyumba ya bure!" anasema dereva wa lori aliyeingia karibu na saa sita kutoa kopi ya leseni. "Ningeipata mimi, ningekuwa nimeshaliuza lori."

"Lori la tajiri wako," anamkumbusha Bi Doa.

"Ndiyo maana ningeliuza haraka."

Chumba kizima kinacheka. Bi Doa naye anacheka, lakini mkono wake haujaacha kupanga karatasi. Siku njema hutoa kurasa mia tatu, na kopi moja haizidi bei ya peremende mbili. Theluthi ya anachopata huishia kwenye kodi.

Miaka kumi na miwili iliyopita, yeye mwenyewe aliingizwa mjini na matapeli. Alipata barua ya kazi ya ukarani, akalipia fomu, akalipia mafunzo, akalipia sare. Siku ya kuanza alivaa viatu vya kuazima kwa dada yake, akaenda hadi kwenye jengo lililoandikwa. Ghorofa ya pili alikuta zahanati ya meno.

"Mlinzi aliniangalia, akanivutia kiti," anakumbuka. "Akaniambia, 'Kaa kwanza, binti. Wewe ni wa tisa wiki hii.' Kiti alikuwa amekiweka tayari kwa ajili yetu!"

Hakulia pale. Alimwuliza mlinzi kama wenzake wanane walikuwa na barua kama yake. Mlinzi akasema zilifanana kama mapacha, hadi alama nyeusi pembeni. Alama hiyo hakuisahau. Alipopata kazi ya kuchapa, kisha akanunua mashine yake iliyotumika, alianza kuzisoma barua za wateja kwa namna ambayo wao hawakuzisoma.

Ndipo alipokuja fundi cherehani wa barabara ya nyuma, miezi miwili iliyopita.

Mama huyo aliingia akihema, ameshika simu kwa mikono miwili. Binti yake alikuwa amepata kazi ya stoo katika kiwanda cha sharubati, mji mwingine. Alitaka barua ichapwe kwa rangi. Kabla ya saa kumi jioni alitakiwa atume ada ya vipimo vya afya, na mnunuzi wa cherehani yake alikuwa njiani.

Bi Doa aliifungua barua kwenye kompyuta, akaikuza. Chini ya muhuri kulikuwa na mkwaruzo mwembamba, uliopinda kama ukucha uliokatwa. Aliujua. Alikuwa ameuona kwenye barua ya hoteli, na tena kwenye barua ya ghala la mizigo.

"Mama, usiuze cherehani," alimwambia.

"Nimekuja kuchapa, mwanangu, sikuja kuomba ushauri."

"Sichapi."

"Huchapi? Una wivu! Kwa sababu mtoto wa fundi anakwenda kupata mshahara?"

Bi Doa alizitafuta zile barua mbili za zamani, zilizobaki kwenye kompyuta. Alizichapa barua zote tatu ili kuzilinganisha tu, akazipandanisha juu ya kioo cha dirisha mahali jua linapoingia. Mihuri ilipishana. Saini zilipishana. Mkwaruzo ulilala juu ya mkwaruzo, mstari mmoja.

"Makampuni matatu, miji mitatu, kioo kimoja," alisema. "Hizi karatasi zimelala kitanda kimoja, mama."

Bado mama hakukubali. Alitaka kupiga namba iliyo kwenye barua. Bi Doa akamzuia: aliyeandika uongo hawezi kukupa namba ya mtu atakayesema kweli. Waliuliza duka la jumla lililo mkabala, linalouza sharubati ya kiwanda hichohicho, wakapewa namba iliyo kwenye katoni. Aliyepokea aliwasikiliza hadi mwisho, akasema kiwanda hakikuwa na nafasi hiyo, na hakijawahi kumdai mtu ada ili kumpa kazi.

"Nilikaa kwenye benchi lile," anasema fundi cherehani, akilionyesha. "Kisha nikampigia mnunuzi nikamwambia ageuze gari."

Barua hiyo ililetwa mtaani na mwanaume anayejulikana kwa kuwatafutia vijana kazi. Ni mpwa wa mwenye nyumba. Barua ilipobandikwa ukutani, alifika akiwa amefura, akidai anachafuliwa jina.

"Jina lipi?" anauliza Bi Doa, akiugeukia ukuta. "Nimeziba yote. Watu walikuwa hawajui. Yeye ndiye aliyekuja kujitambulisha, tena kwa sauti, mbele ya wateja sita!"

Alipoulizwa kwa ajili ya makala haya, mwanaume huyo alisema naye hupewa tu barua na watu wengine. Hakuwa tayari kuwataja.

Si kwamba Bi Doa hajawahi kukosea. Mwaka jana aliitilia shaka barua ya kijana mmoja fundi bomba, kwa kuwa ilimtaka afike kesho yake asubuhi. Ilikuwa ya kweli. Kijana alisitasita, akafika amechelewa, akaponea chupuchupu kukosa kazi.

"Nilimfuata hadi kwao," anasema. "Nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Haraka peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Siku hizi naangalia haraka iliyoambatana na kudai pesa, na mtu anayekukataza kuuliza wengine. Hivyo vikikutana, kalamu chini."

Binti wa fundi cherehani alimnunia wiki mbili nzima. Kisha siku moja aliingia, akaweka simu mezani akiwa amekunja uso. "Nimepata nyingine, dada. Ikague kwanza, halafu ndiyo nifurahi." Ilikuwa ya kweli. Usaili wake ni wiki ijayo.

Mpango wa kuhama uko tayari. Baraza la nyumba ya fundi cherehani linatosha mashine mbili, na umeme upo. Bi Doa ameshapima kwa kamba mahali pa meza. "Hapa ukuta wangu ulikuwa ndani," anasema. "Kule utakuwa nje, unatazama barabara."

Saa sita na dakika kumi, mwenye nyumba anaingia, kofia mkononi. Wateja wanampisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Iko wapi?"

"Hakuna barua, baba."

"Mistari miwili tu, binti yangu. Miaka minane tumekaa vizuri."

"Vizuri sana. Ndiyo maana nakuomba unionyeshe, kati ya hizi kumi na saba, ipi ni ya kweli. Nitaibandua sasa hivi na kumpigia magoti aliyeiandika."

Mzee anautazama ukuta. Anaanzia juu kushoto, anashuka pole pole, midomo ikitembea. Dereva wa lori anakohoa.

"Ni mtoto wa dada yangu," anasema hatimaye, sauti imeshuka.

"Najua, baba. Na yule ni mtoto wa fundi cherehani."

"Kwa hiyo huombi radhi?"

"Siombi."

"Hata kwa heshima yangu?"

Bi Doa anainua kifuniko cha mashine, analaza leseni ya dereva juu ya kioo safi, anafunika.

"Heshima yako ninayo, baba, na chumba chako nitakuachia kikiwa kimefagiwa. Radhi sina."